Nani Anaikumbuka Serengeti?

Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyoitangaza Serengeti duniani kote, ikapata tuzo ya Oscar. Kwake, wenyeji wa Serengeti ni nyumbu na pundamilia. Hifadhi haipaswi kukaliwa na mtu yeyote, hata mzawa. Kwetu Kenyamonta, magharibi mwa hifadhi hiyo, tumekua tukisikia pori lile likitajwa kwa majina ya watu na koo.

Ndiyo maana nilikipokea kwa furaha kitabu cha Jan Bender Shetler, Imagining Serengeti (2007). Mwanahistoria huyu aliwasikiliza wazee wa Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiishenyi na Kiikizu, akaonyesha kwamba kwao historia hushikwa na mahali kuliko miaka: kilima, chemchemi, mahame. Waishenyi wakitaja Nyeberekera, ambayo leo imo ndani ya hifadhi, ni kama wanakusomea hati ya ardhi. Hapo ndipo kitabu kina nguvu. Kinaitoa mila kwenye kabati la makumbusho na kuifanya ushahidi.

Lakini mzee ni nani? Wasimulizi wa kitabu kile ni wanaume kwa sehemu kubwa. Mwanamke wa kwetu huolewa, akayaacha makazi ya baba yake na kwenda kuishi kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Ramani ya wazee inampoteza. Hata hivyo njaa ikibisha hodi, mara nyingi yeye ndiye anayejua mtama utapatikana kwa shangazi yupi, kwa shoga yupi, kijiji gani. Hiyo nayo ni historia, ila haina kilima cha kunyooshea kidole.

Shetler mwenyewe alilirudia jambo hili katika Claiming Civic Virtue (2019), akifuatilia kumbukumbu za wanawake wa Mara na mitandao yao ya undugu na urafiki. Ushauri wangu ni kuvisoma vyote viwili, ukianza na hiki cha pili.

Nasema hivi kwa sababu inatuhusu. Sisi wanafunzi wa uzamili tukirudi nyumbani na vinasa sauti, tunapelekwa moja kwa moja kwa mzee wa ukoo. Bibi anayetusongea ugali jikoni hatumuulizi kitu. Tukiendelea hivyo, tutabaki na majina ya vilima vyote, tusijue ni akina nani waliowalisha watu walioishi juu yake.