Pongezi kwa Wajaribu Mawimbi wa ASECNA

Wahandisi wa ASECNA, shirika lenye makao Dakar linaloongoza ndege katika nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati, wanastahili pongezi. Septemba 2020 walianza kurusha mawimbi ya majaribio ya kusahihisha GPS kupitia setilaiti ya Nijeria, NigComSat-1R; Januari 2021 ndege ikatua Lomé, Togo, kwa kuyafuata.

Anga yao ni ngumu kuliko ya Ulaya. Karibu na ikweta, jua likishazama, tabaka la juu lenye chembe za umeme huchafuka, mawimbi ya GPS yakachelewa au kukatika kabisa. Ndiyo maana nayathamini mno majaribio ya masafa mawili: kila masafa huchelewa kwa kiasi chake, na kipokezi hupima tofauti hiyo kikaliondoa kosa. (Kukatika ni vita vingine.)

Zaidi ya yote nawasifu kwa subira. Mfumo huo wa masahihisho ukikosea, rubani lazima aonywe upesi. Kwa utuaji wenye masharti makali, ndani ya sekunde 6. Kulithibitisha hilo kunataka vipimo vya misimu mingi, usiku na mchana, ndipo viwanja visivyo na mitambo ya kuongozea ndege ardhini vitakapofaidi.