Picha Nzuri, Kiota Kitupu



Siku hizi ni nadra kukuta nyumba isiyokuwa na kamera, kwani hata simu ya mfukoni ni kamera. Na miongoni mwa mambo ambayo vijana wetu wameyapenda ni huku kutazama ndege na kuwapiga picha, karibu na nyumbani na wawapo safarini. Ni jambo jema. Kijana aliyeswali alfajiri kisha akatoka kwenda kusikiliza ndege ni bora kuliko aliyelala mpaka saa tatu. Na Qur'ani, katika Sura ya Al-Mulk, yatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu wakizikunjua mbawa zao na kuzikunja. Khitilafu ya maulamaa juu ya picha sitaiingia hapa; kila mmoja na amuulize shekhe wake. Nakusudia kuhakiki tu, kwa sababu kila kazi ina mizani yake, na mizani tunayoipimia picha hizi naiona ina kombo.

Juzi kijana wa jirani yangu, hapa Mombasa, aliniletea picha nne alizozipiga mwaka huu. Alitaka nimchagulie moja ya kupeleka katika maonyesho ya shule yao. Nimemwomba ruhusa nikueleze zote nne, naye amekubali mradi nisimtaje jina.

Picha ya kwanza ni ya kiota cha chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anyonyaye maji ya maua. Kiota kimening'inia katika mkomamanga wa uwani kwao, kimefumwa kwa majani makavu na utando wa buibui, na mlangoni makinda mawili yameachama midomo. Mwanga ni safi, rangi zimekolea, hata unyoya mmoja mmoja wauona. Nyumba nzima iliisifu, na mwenyewe alikuwa na yakini kuwa nitaichagua hiyo.

Mimi nikamuuliza, "Majani ya tawi hili yako wapi?"

Akasema, "Niliyakata kidogo, ami. Yalikuwa yanatia kivuli."

"Na makinda?"

Akanyamaza. Kisha akaniambia kuwa siku ya tatu yake alikuta kiota kimechanwa, hakina kitu.

Hapana haja ya kumtafuta mwizi mbali. Hawa kunguru wa mijini wenye shingo ya kijivu, waliofikishwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 kisha wakaenea pwani yote, ni mabingwa wa kupekua viota. Chozi hana silaha mbele yao ila kujificha. Yale majani yaliyokuwa yakitia kivuli ndiyo yaliyokuwa ukuta wa nyumba yake. Kijana hakukusudia ubaya. Alitaka mwanga, na mwanga ule ule ukamwonyesha kunguru njia.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwa Abdullah bin Mas'ud, kwamba masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakamwona ndege na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa sababu ya watoto wake, na akaamuru arudishiwe. Kijana wetu hakuyachukua makinda kwa mkono wake, lakini mama yao uchungu ulimfika vile vile, wala hapakuwa na cha kumrudishia.

Sasa tuiache huruma kidogo, tuitazame picha kama picha. Je, yasema kweli? Haisemi. Chozi huyu hakujenga katika tawi lililo uchi. Mwenye kuitazama picha ile atadhani ameona nyumba ya chozi ilivyo, kumbe ameona nyumba iliyobomolewa ukuta ili wapita njia wachungulie. Na hilo ndilo ninalotaka ulishike, msomaji: lile linalomdhuru ndege aghalabu huiharibu na picha yenyewe. Si mambo mawili, moja la adabu na moja la ufundi. Ni jambo moja.

Picha ya pili ilipigwa hori ya Mida, karibu na Watamu, alipokwenda kuwazuru jamaa zake. Ndege weupe kwa weusi, wenye midomo mizito myeusi, wameruka kundi zima juu ya maji. Ni wale ndege wa pwani wanaokula kaa. Kwao pa kuzalia ni visiwa na fukwe za mchanga za upande wa Oman, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Sham, ambako huchimba shimo mchangani, na jike hutaga yai moja jeupe ndani yake. Wakisha kulea huja kwetu kula, kisha karibu na Aprili, pepo za kusi zinapoanza, wengi wao hurejea kaskazini, kama yalivyokuwa yakirejea majahazi. Msafiri aendaye Maskati kwa jamaa zake aweza kuwakuta ndege wa kabila hilo hilo ufukweni.

Kijana aliipa picha hii jina "Furaha ya Pwani". Nikamuuliza imekuwaje wakaruka wote kwa pamoja. Akakiri kuwa alitimua mbio kuwaendea, maana wakiwa wamesimama "hawapendezi".

Msomaji, maji yanapojaa Mida, tope lote wanalolia ndege hufunikwa. Hubakia kipande cha mchanga, na hapo ndipo wanapojikusanya kupumzika mpaka maji yapwe tena. Ndege anayejitayarisha kuvuka bahari anaweka akiba ya mafuta mwilini mwake. Kila anapotimuliwa huitumia akiba hiyo bure, na akija mwengine na kamera yake baada ya saa moja, huitumia tena. Basi kijana wetu alipiga picha ya khofu akaiita furaha. Lau angefika mapema, akakaa chini mbali na ule mchanga, akayaacha maji yenyewe yawasogeze ndege, angaliwaona wakisafisha manyoya na kusimama kwa mguu mmoja, na angalijua kama wanapendeza au hawapendezi.

Picha ya tatu inatoka msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Ni ya bundi mdogo sana, urefu wake sentimita 16 tu, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na ambaye haishi ila sehemu chache za pwani ya Kenya na Tanzania. Amejibanza na mwenzake kichakani mchana, macho nusu yamefumba. Mwongozi wa msitu alikwenda kwanza peke yake kuwatafuta, kisha akawapeleka wageni wachache bila kelele, akawakataza taa, na baada ya dakika chache akawaondoa. Tawi moja lapita mbele ya kifua cha bundi. Kijana aliona ni ila. Mimi naona ndiyo sifa yake, kwani tawi lile ndilo lililomficha bundi kabla hajaja, na ndilo lililobaki kumficha alipoondoka. Picha hii ina faida nyingine pia. Wako kwetu wanaoamini kwamba bundi ni mkosi, na Mtume (S.A.W.) ameikanusha itikadi hiyo. Bibi yake alipoviona viumbe viwili vile vimelala bega kwa bega, alisema, "Masikini, hawa nao wataka usingizi wao tu." Neno hilo moja lilitosha.

Picha ya nne aliiweka chini kabisa. "Hii haina kitu, ami," akasema. Ni pwani ya karibu na kwao, maji yamekupwa, kuna ngalawa imelala ubavu, na mbali kidogo kitwitwi mmoja anavuta mnyoo kutoka topeni. Ndege mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Nikamuuliza aliipataje. Akasema alikuwa amekaa juu ya gogo karibu saa nzima, amekwisha kata tamaa, na kitwitwi akaja mwenyewe. Nyuma ya karatasi ameandika tarehe, mahali, na kwamba maji yalikuwa yamekupwa.

Niliichagua hiyo. Hakuridhika, na labda wewe pia hukuridhika. Lakini ndiyo iliyomwonyesha ndege katika maisha yake, na jirani zake, na riziki yake, na ndiyo iliyoandikwa siku na pahali, kwa hivyo kesho yaweza kuwa ushahidi kwamba kitwitwi walikuwa wakila pwani ile.

Wala kusubiri si jambo jipya katika kazi hii. Kule Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa katika wa mwanzo kupiga picha viota vya ndege porini, mwaka 1892. Walifika hadi ya kutengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi na mbao, mmoja wao akajificha tumboni mwake na kamera, ili ndege wasishtuke. Wenye kamera nzito za wakati ule walijua kwamba ndege asiyeshtuka ndiye ndege wa kweli. Sisi tuna kamera nyepesi, na subira yetu imekuwa nyepesi vile vile.

Basi mzazi, mwanao akikuletea picha ya ndege, usimkatishe tamaa, wala usikimbilie kusifu rangi. Itazame. Je, kiota kiko wazi kupita kiasi? Je, kundi zima limeruka? Je, ndege ameinua shingo na kukukodolea macho? Kisha muulize swali moja tu: "Ulipoondoka, ndege alikuwa akifanya nini?" Akijibu kuwa alikuwa akila, au amelala, au akilisha watoto wake, basi msifu, hata kama picha ina giza.

Kijana wetu aliipeleka ile ya kitwitwi. Ile ya chozi aliirudisha mfukoni, na mkomamanga hajaukata tena.

Wabillahi tawfiq.