Hotuba Isiyodai Jibu

Shindano la hotuba kuhusu Katiba na uraia katika shule za upili za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, huanza kwa namna moja, iwe ni Buruburu, Umoja, Kayole au Eastleigh. Mwanafunzi anapanda jukwaani, anasimama wima, anainamisha kichwa kidogo, kisha anasema maneno ya aina hii: "Mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, naibu wake, walimu wetu wapendwa, majaji waadilifu, mtunza saa makini, na mwisho kabisa wanafunzi wenzangu, hamjambo? Itifaki ikiwa imezingatiwa, nina furaha riboribo kusimama mbele yenu kuzungumzia haki na wajibu wa raia."

Hotuba ya namna hii inastahili kusomwa kwa umakini tunaoyapa mashairi na riwaya, kwa sababu umbo lake hufundisha uraia kwa nguvu kuliko mada yake. Mada huwa nzuri. Watoto hawa wanaijua Katiba ya 2010, wanaweza kutaja vifungu kwa nambari, na wengi huvifahamu kuliko wazazi wao waliovipigia kura tarehe 4 Agosti mwaka huo. Lakini mada inasema raia ndiye mwenye mamlaka, huku umbo likisema raia ni mtu wa kushukuru kwa kupewa dakika tano. Mambo hayo mawili yakigongana jukwaani, umbo ndilo linaloshinda, maana umbo ndilo analotoka nalo mtoto hata akisahau vifungu.

Nianze na salamu. Wanaotajwa wamepangwa kwa ngazi ya cheo, kutoka juu hadi chini, na kundi kubwa kuliko yote ukumbini linawekwa mwisho. Salamu hizi hazikuzuka hivi hivi. Katika karatasi ya Insha ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ile ya 102/1, hotuba ni mojawapo ya insha za kiuamilifu, na sura yake hufundishwa darasani: kichwa, alama za kufungua usemi, kuwatambua waliohudhuria kwa kufuata vyeo, mwili, hitimisho, alama za kufunga usemi. Mwanafunzi anayepanga salamu kwa cheo anafanya alichofundishwa, na anakifanya vizuri.

Simpingi mtu kuhusu adabu. Kwetu, anayesema kabla ya kusalimu amekosa malezi. Ila kusalimu ni jambo moja, na kuwapanga watu kwa cheo ni jambo lingine. Hodi haimuulizi mwenye nyumba wadhifa wake. Isitoshe, salamu ya cheo huamua hotuba nzima itaelekezwa kwa nani. Aliyeanza kwa mgeni wa heshima hujikuta anamtazama yeye hadi mwisho: anamweleza shida za vijana, anamwomba, anamsifu. Wanafunzi wenzake, ambao ndio raia anaowazungumzia, wanabaki kuwa watazamaji wa mazungumzo kati ya mmoja wao na meza ya mbele.

Sasa tulinganishe na namna Katiba yenyewe inavyofungua kinywa. Utangulizi wake unaanza na "Sisi", na baada ya mtendaji huyo kutajwa, kitenzi kikuu kinacheleweshwa. Kabla yake wanapita waliopigania uhuru, unapita utofauti wa makabila, tamaduni na dini, yanapita mazingira na vizazi vijavyo, ndipo mwishoni kabisa tunaambiwa watu hao wanafanya nini: wanaikubali na kuipitisha Katiba, na wanajipa wenyewe. Anayetoa na anayepokea ni mmoja. Hakuna cheo hata kimoja kinachotajwa katika sentensi hiyo ndefu, wala Rais, wala Bunge, wala jaji. Vyeo vinakuja baadaye, na Kifungu cha 1 kinasema wazi kwamba wenye vyeo wanatumia mamlaka waliyokabidhiwa na watu. Mpangilio huo wa maneno ndio hoja yenyewe. Hotuba ya shule ikiugeuza juu chini, imeikana Katiba kabla haijataja kifungu hata kimoja.

Baada ya salamu, sikiliza njeo za vitenzi. Hotuba hizi zimejaa -ta-. Sisi vijana ni viongozi wa kesho. Tutaijenga nchi hii. Tutapiga kura kwa busara. Tutapinga ufisadi. Mzungumzaji ana miaka 16, na karibu kila kitenzi chake cha uraia kiko mbele yake, kana kwamba uraia ni kazi atakayoajiriwa baada ya kufuzu. Ni kweli kwamba kura ni ya raia mtu mzima; Kifungu cha 38 kimeliwekea sharti hilo maneno yake. Lakini ukisoma vifungu vya jirani utaona sharti hilo halimo. Haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani na bila silaha, katika Kifungu cha 37, ni ya kila mtu. Uhuru wa kujieleza, Kifungu cha 33, ni wa kila mtu. Haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, Kifungu cha 35, ni ya kila raia. Hakuna panaposema mwanafunzi angoje. Kijana anayesema "tutadai" ameahirisha haki ambayo tayari anayo, na ukumbi unampigia makofi kwa kuiahirisha.

Jambo la tatu ni gumu kulinasa kwa sikio, nalo liko kwenye viambishi vya mnyambuliko. Kiswahili kinatupa njia tatu za kusimulia kosa moja. Tunaweza kusema "wamezivunja haki zetu", na mtendaji akawepo. Tunaweza kusema "haki zetu zimevunjwa", na mtendaji akajificha, ingawa msikilizaji bado anaweza kuuliza: na nani? Au tunaweza kusema "haki zetu zimevunjika", na hapo swali lenyewe linafungiwa mlango, kwa sababu kitu kilichovunjika huenda kimejivunjikia. Hotuba za mashindano hupenda njia ya tatu. Fedha zimepotea. Maadili yameporomoka. Mazingira yameharibika. Mabomba yamekauka. Ni sentensi zenye uchungu wa kweli, na zinapendeza kutamkwa, lakini hazimgusi mtu yeyote.

Mfikirie mwanafunzi wa Dandora anayezungumzia Kifungu cha 42, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Dampo kuu la jiji limekuwa mtaani kwao tangu miaka ya 1970, na moshi wake hauhitaji sitiari. Akisema "mazingira yetu yameharibika", amesema kweli ambayo kila pua ukumbini inaijua. Hotuba ingebadilika kabisa akiendelea hadi Kifungu cha 70, ambacho kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki hiyo, na kinasema mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Hapo sentensi inayofuata haiwezi kuwa ya kuharibika tena. Itabidi iwe na mtendaji: nani anamwaga, nani anaruhusu, nani ana wajibu wa kuzuia. Kifungu chenyewe kinamlazimisha mzungumzaji abadilishe kitenzi.

Na kuna maneno "kila raia". Hotuba huyatamka kwa wepesi mkubwa: kila raia ana haki, kila raia ana wajibu. Eastleigh maneno hayo yana uzito wake. Aprili 2014, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani humo na kwingineko, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuthibitisha wao ni nani. Kwa miaka mingi Mkenya Msomali aliyefikisha umri wa kitambulisho alitakiwa kupigwa msasa na kamati kwanza, na ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa huo wa ziada. Kifungu cha 12 kinasema raia anastahili pasipoti na hati za utambulisho. Mwanafunzi wa Eastleigh akitamka "kila raia" huku akijua kaka yake alifuatilia kitambulisho mwaka mzima, ana hotuba mikononi mwake ambayo hakuna kitabu cha insha kitakachompa. Lakini umbo alilofundishwa linamtaka aseme kwa ujumla, na kwa ujumla huo anapoteza jambo analolijua kuliko majaji wote.

Tufike mwisho wa hotuba. "Kwa hayo machache, asanteni kwa kunisikiliza. Mungu awabariki na Mungu aibariki Kenya." Makofi. Jaji anaandika alama: maudhui, ufasaha, utamkaji, ishara, muda. Anayefuata anapanda. Hakuna aliyeulizwa lolote, na hakuna anayetakiwa kufanya lolote. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa umbo hili ulipo: ni usemi usiodai jibu.

Eastlands inalijua umbo lingine. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, chama cha Waafrika cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama kupendekeza nyongeza kwenye azimio lililokuwa mezani: kwamba suluhisho la kweli ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, chini ya serikali zilizochaguliwa na watu na kuwajibika kwao. Angeweza kuyasema hayo kama hotuba ya kusisimua. Aliyaweka kama hoja, na hoja ina tabia moja ambayo hotuba ya shindano haina: waliomo ukumbini hawawezi kuipigia makofi tu wakaenda zao. Sharti waikubali au waikatae, na wakiikubali inakuwa yao. Wakoloni walielewa uzito wa umbo hilo. Alikamatwa mwezi uliofuata, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Sisemi mtoto wa shule aingizwe katika hatari. Hata hivyo, jukwaa la shule tayari limekwisha kuonyesha kwamba lina uzito. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru kuigiza mchezo wa Echoes of War katika tamasha la kitaifa la drama, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe. Polisi walirusha vitoa machozi nje, na wasichana wakaimba Wimbo wa Taifa wakaondoka bila kuigiza. Katika siku hiyo yote, tendo la uraia lililo wazi zaidi lilikuwa la wanafunzi, nalo lilikuwa na mtendaji, lilikuwa katika wakati uliopo, na lilidai jibu kwa nchi nzima.

Wala umbo la hotuba ya shule halikosi nguvu zake. Mwanafunzi hodari hujua kuita na kuitikiwa. Akisema "Haki!" na ukumbi ukajibu "Yetu!", wasikilizaji wameacha kuwa watazamaji kwa nukta hiyo. Urudiaji, mizani ya sentensi, methali iliyowekwa mahali pake, yote haya ni mali, na walimu wa Kiswahili wanayafundisha kwa bidii inayostahili shukrani. Kilichobaki ni kuupa mwitiko huo kazi, ili "Yetu!" ifuatwe na neno la kufanya.

Dawa imo ndani ya silabasi ileile. Karatasi ya Insha inayofundisha hotuba inafundisha pia kumbukumbu za mkutano, na umbo la kumbukumbu ni kinyume cha udhaifu niliousoma hapa. Kumbukumbu huwataja waliohudhuria, huandika kila hoja kwa nambari, husema kilichoamuliwa na nani amepewa jukumu, na mwishoni mwenyekiti na katibu hutia sahihi. Kwa hiyo kila shindano la hotuba kuhusu Katiba lifanywe mkutano. Salamu iwe moja kwa wote. Kila mzungumzaji ataje ofisi moja na amalizie kwa hoja moja: nani alipanga ratiba ya mgao wa maji mtaani, basari za wadi ziligawanywa kwa vigezo gani, lori za taka zinapita lini. Wanafunzi wamuulize maswali kwa dakika tano, na majaji watoe alama kwa majibu yake. Kisha wapige kura kuchagua hoja moja, na katibu aiandike.

Hoja hiyo iandikiwe barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi la habari, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wananchi haki ya kuwasilisha malalamishi na kuipa kaunti wajibu wa kuyajibu. Mtaala wa umilisi umeutaja uraia kuwa miongoni mwa umilisi wa msingi 7, na hakuna zoezi litakaloupima vizuri zaidi ya hili. Shindano likifanyika wiki ya pili ya muhula, jibu la ofisi, au kimya chake, litakuwa limejulikana kabla ya shule kufungwa. Hotuba za muhula unaofuata zianzie hapo: tuliuliza nini, tulijibiwa nini, na sasa tunadai nini.