Mtambo wa Berkeley na uchovu wa macho kwenye 3D

Anayetoka kwenye sinema ya 3D akijifikicha macho huilaumu miwani. Mwaka 2008 David Hoffman, Ahna Girshick, Kurt Akeley na Martin Banks walichapisha jaribio la maabara ya Banks, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililomsaka mshukiwa mwingine kabisa. Uhodari wao, kwa maoni yangu, umo katika namna walivyowaondoa washukiwa wengine.

Ukitazama kitu kilicho karibu, macho yote mawili hugeukia upande wa pua mpaka yakutane juu yake. Papo hapo lenzi ya kila jicho hunenepa ili picha isiwe na ukungu. Ubongo umezifunga kazi hizi mbili pamoja: moja huivuta nyingine. Skrini ya 3D huzitenganisha. Kila jicho hupewa picha yake, na tofauti ya picha hizo huyaita macho yakutane mbele au nyuma ya skrini, ilhali mwanga wenyewe unatoka palepale kwenye skrini. Lenzi ikiyafuata macho, picha inafifia. Isipoyafuata, inavutana nayo.

Kulinganisha 3D na sinema ya kawaida kusingethibitisha lolote, maana mengi hubadilika kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana walitumia mtambo ambao Akeley na wenzake waliueleza mwaka 2004: skrini moja yenye vinukta vingi mno, iliyogawanywa vipande, na vioo vinavyopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Kila jicho liliona tabaka tatu za picha zilizopandana, kwa umbali wa sentimita 31.1, 39.4 na 53.6. Kitu kilichopaswa kuonekana kati ya tabaka mbili kiligawiwa mwanga wake kwa tabaka zote mbili, ile iliyo karibu nacho ikipata zaidi. Ili tabaka zisipishane, mtazamaji aliuma kipande kilichochongwa kwa umbo la meno yake. Si starehe, lakini bila hivyo kichwa kikisogea kidogo tu picha inaharibika.

Sasa mtu yuleyule, kwenye mtambo uleule, aliweza kuona umbo lilelile mara mbili: lenzi na macho vikielekezwa umbali mmoja, kisha vikielekezwa umbali tofauti. Miwani haikuwemo tena kwenye kesi. Umbali ulipolingana, watazamaji waliunganisha picha mbili kuwa moja kwa haraka zaidi; ulipogongana, walieleza uchovu mkubwa zaidi wa macho.

Hapo sinema inapata nafuu. Lenzi huhesabu kwa dayopta, yaani moja gawanya kwa mita. Skrini iliyo mita 10 ni 0.1, kitu kinachoonekana kuelea mita 5 ni 0.2. Pengo ni 0.1 tu, dogo mno kusumbua. Chukua kifaa cha kuvaa kichwani ambacho picha yake imewekwa mita 2, yaani dayopta 0.5, kisha mchezo ukuletee barua ya kusoma sentimita 40 kutoka usoni, yaani 2.5. Pengo limefika 2. Malalamiko yanapaswa kuhamia huko.

Magic Leap One, kifaa cha kuvaa kichwani cha mwaka 2018, kilijaribu kulitibu pengo hilo kwa kuweka tabaka mbili za picha. Mtambo wa Berkeley ulitumia tatu kwa nafasi isiyofika sentimita 23, tena kwa mtu aliyefungwa kwa meno.