Takwimu za Leba Ndizo Zipange Mazoezi

Mwaka 2010 wahudumu wa wodi ya wazazi ya Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu, walifundishwa kwa siku moja, kwa kutumia mdoli, namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Walipopimwa tena kwa mdoli, walifanya vizuri kuliko awali. Ndani ya leba, matendo yao hayakubadilika. Hilo lilijulikana kwa sababu walikuwapo watu waliokaa leba usiku na mchana wakiandika kila uzazi na dakika zake. Bila kumbukumbu hizo, semina ingehesabiwa imefaulu kwa idadi ya vyeti, kama tulivyozoea. Mwaka 2011 hospitali iligeuza mpango: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, humo humo wodini, yakiongozwa na wenyeji. Watoto waliochangamshwa mapema kwa kusuguliwa mgongo wakaongezeka, waliopumulishwa kwa ambu, mfuko wa kusukumia hewa, wakapungua, na vifo ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mwenye shaka atasema kulinganisha mwaka na mwaka hakuthibitishi kitu, kwani mengine pia huenda yalibadilika. Ana haki. Ndiyo maana Safer Births, mradi uliofuata wa mazoezi ya aina hiyo, una uzito zaidi: vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, wazazi wapatao 280,000, mikoa ikiingizwa kwa awamu na zamu yake ikipangwa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika New England Journal of Medicine: vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, ingawa mikoa ilitofautiana sana.

Kompyuta ilifanya nini katika mradi huo? Watu hukimbilia kutaja NeoNatalie Live, mdoli unaounganishwa na kishikwambi na kumwonyesha mkunga kama pumzi anazotoa zinaingia au zinavuja. Ni kifaa kizuri. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilikuwa kwenye taarifa za uzazi zilizokusanywa kila siku na kurudishwa vituoni, zikawaonyesha wakunga wafanye zoezi gani. Kituo ambacho akina mama wanavuja damu nyingi baada ya kujifungua hakina sababu ya kurudia zoezi la ambu kwa kuwa tu ratiba ya mkoa imesema hivyo.

Pingamizi zito ni la zahanati za pembezoni mwa Mbulu na Hanang: timu ipi itafanya mazoezi, iwapo usiku yuko mkunga mmoja? Lakini hapo ndipo mpango unapohitajika zaidi. Mafunzo yenyewe humtaka mkunga ateue msaidizi kabla mtoto hajazaliwa. Basi zoezi limhusishe mhudumu wa afya aliye karibu, na simu ya kuita gari la wagonjwa ipigwe kweli. Umeme ukikatika, daftari la uzazi na jedwali dogo kwenye simu vinatosha kuonyesha tatizo la mwezi uliopita. Waganga wakuu wa wilaya hizi wasisubiri midoli ya bei ghali: waingize dakika 5 za mazoezi kwenye ratiba ya zamu, na wachague zoezi kwa kusoma daftari.