Bolti na Nati Zisizofanana: Sifa za Ufundi wa Kuchagua

Katika viwanda vya kusindika maziwa, dawa na vinywaji, mabomba ya chuma cha pua, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, huunganishwa kwa vibano ili yaweze kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Kila bomba huishia kwenye ukingo uliochongwa mshazari. Kingo mbili hukutanishwa, gasketi ya kuzuia uvujaji ikiwekwa kati yake, kisha kibano cha vipande viwili huzikumbatia, na kadiri bolti zake zinavyokazwa ndivyo mshazari ule unavyozisukuma kingo zigandamane. Presha ikiwa ndogo, nati moja ya masikio inayokazwa kwa mkono hutosha; ikipanda, hutakiwa kibano kizito chenye bolti mbili za kukazwa kwa spana, na hapo fundi hukabiliwa na swali linaloonekana dogo kuliko lilivyo, nalo ni metali gani ifae kwa bolti na ipi ifae kwa nati.

Uzito wa swali hilo hudhihirika kwa hesabu fupi. Presha ya bar 60, takribani mara sitini ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, ikiwa ndani ya muungano wenye kipenyo cha milimita 50, hujaribu kuyatenganisha mabomba kwa nguvu ya karibu nyutoni 11,800, sawa na uzito wa kilo 1,200. Bolti hukazwa kabla ya mzigo huo kufika, ikavutika kidogo mno, na kwa kuwa hutaka kurudi kwenye urefu wake wa asili, huendelea kukibana kibano hata presha inapopanda na kushuka.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kusoma kichwa cha bolti. Katika alama A2-70, herufi A hutaja austeniti, jamii ya chuma cha pua chenye kromiamu na nikeli. Tarakimu 2 hutaja aina ya mchanganyiko. Na 70 humaanisha kwamba bolti hiyo hustahimili mvuto wa nyutoni 700 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. A4-80 hufika nyutoni 800, na mchanganyiko wake umeongezwa molibdeni, elementi inayosaidia kuhimili chumvi na dawa za kusafishia zenye kloridi.

Hata hivyo, nguvu peke yake haimalizi jambo. Kinga ya chuma cha pua ni utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu, ambao ukikwaruzwa hujijenga upya kwa oksijeni ya hewani. Kwenye hesi, yaani meno ya mzunguko ya bolti na nati, utando huo husuguliwa chini ya mgandamizo mkali hadi ukabanduka, metali tupu ikagusana na metali tupu ya jamii ileile, na vinundu visivyoonekana kwa macho vikashikana na kunyofoana. Nati iliyokuwa ikizunguka kwa wepesi huanza kuwa nzito, kisha hukwama katikati, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na fundi asiyeitambua dalili ya kwanza mkononi, akazidi kulazimisha spana, huishia kuikata bolti. La hatari zaidi ni kwamba spana ya torki, inayopima nguvu ya kuzungusha, huweza kuonyesha kipimo kinachotakiwa ilhali sehemu kubwa ya nguvu hiyo imeliwa na msuguano, na gasketi haijabanwa ipasavyo.

Dawa yake ni kuoanisha metali zisizofanana: bolti ya chuma cha pua kwa nati ya bronzi ya silikoni, ambayo ni aloi ya shaba yenye silikoni kidogo. Bronzi haishikamani na chuma cha pua kwa urahisi, na ikifika wakati wa kulika, hulika yenyewe kwanza. Huo ni uamuzi wa makusudi, kwa maana kubadilisha nati ni kazi nyepesi kuliko kukata bolti iliyokwama. Ulaini wa bronzi una gharama, kwani nati ya namna hiyo huhitaji hesi nyingi zaidi ili kubeba mzigo uleule. Panapolazimu nati iwe ya chuma cha pua, fundi hupaka kilainishi kinachoruhusiwa karibu na chakula, hupunguza torki kwa kuwa hesi iliyolainishwa huivuta bolti zaidi, na hukaza polepole, bolti moja baada ya nyingine kwa zamu, huku akitazama mapengo ya pande mbili za kibano yabaki sawa.

Bolti ya chuma cha kaboni, ambayo ni nafuu na yenye nguvu, huvutia, lakini penye unyevu hugeuka kuwa kitu kidogo kinacholiwa na kutu kwa niaba ya chuma cha pua kikubwa kinachokizunguka. Tena mvuke wa kuua vijidudu unapoleta joto la nyuzi 121, kibano hutanuka kuliko bolti hiyo, na mvuto wake hubadilika bila mtu kuigusa.

Ufundi huu unastahili sifa kwa sababu humtaka mtu aifikirie siku ya kufunga pamoja na siku ya kufungua, na aamue mapema ni kipande kipi kikubali kuchakaa ili vingine vidumu. Usalama wa mfanyakazi anayepita kando ya bomba na usafi wa maziwa yanayopita ndani yake hutegemea uamuzi huo, na kwa hiyo haufai kuachiwa nati yoyote iliyookotwa kwenye kopo. Ni elimu inayopaswa kufundishwa kwa uzito uleule unaopewa uchomeleaji.