Mkono Unaosoma Uchungu

Mkunga mzuri hana haraka. Katika wodi ya wazazi, huko Katumba wilayani Nsimbo, mkoani Katavi, kama kwingine nchini Tanzania, kazi yake huanza na kiganja juu ya tumbo la mama. Anatazama saa na kuhesabu: mikazo mingapi kwa dakika 10, kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Ugumu wa mkazo anaupima kwa vidole: ukiwa kama ncha ya pua, bado ni mdogo; kama kidevu, wa kati; kama paji la uso, umekolea. Kisha anajaza patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu.

Kinachosomwa na mkono huo ni kazi ya homoni. Kwa miezi mingi projesteroni imeutuliza mji wa mimba. Siku zikikaribia, estrojeni huongeza vipokezi vya oksitosini na kuiwezesha misuli kukaza kwa pamoja, huku prostaglandini zikilainisha mlango wa kizazi. Kichwa cha mtoto kikiukandamiza mlango huo, ubongo humwaga oksitosini zaidi. Mkazo huongezeka, na kichwa hukandamiza tena, mpaka mtoto azaliwe.

Ustadi wa mkunga huonekana hasa mkazo unapoachia. Mji wa mimba ukilegea, damu hupita vizuri kwenye kondo na mtoto hupata hewa. Mikazo ikizidi mitano kwa dakika 10, mtoto anaweza kukosa hewa hiyo. Ndiyo maana mkunga hupima pia mapumziko, na husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa subira.

Sauti yake nayo ni sehemu ya kazi. Hofu huongeza adrenalini, ambayo yaweza kupunguza kasi ya uchungu. Lugha pia ina uzito: Katumba ni makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mama aliyezoea Kirundi, au anayejifungua kwa mara ya kwanza, akisemeshwa kwa upole katika lugha anayoielewa, moyo hutulia.

Mtoto akishatoka, mkunga humchoma mama sindano ya oksitosini, yuniti 10, ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Mwanakemia Vincent du Vigneaud aliitengeneza homoni hiyo maabarani mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Dawa hiyo hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, jambo linalotaka uangalifu katika joto la Katavi. Hata baada ya sindano, mkono hurudi tumboni kuhakikisha pamekuwa pagumu.

Ndugu msomaji, mjamzito wa nyumbani kwako mfikishe kituoni mapema. Asinyweshwe dawa ya kuharakisha uchungu, iwe ya miti shamba au ya dukani, kwani mji wa mimba unaweza kupasuka. Mwachie mkunga ahesabu.